Kuipeleka familia makumbushoni Uganda: namna ya kupanga siku, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu anayeishi Uganda na anayetaka watoto wake washiriki kweli siku za wazi na programu za familia makumbushoni, badala ya kupitishwa mbiombio mbele ya vioo na kurudi nyumbani. Yote nitakayosema yamesimama juu ya jambo moja: nenda na mzee. Bibi, babu, ssenga (shangazi), jirani mwenye umri, yeyote aliyewahi kukamulia maziwa kwenye chombo cha mti, kusaga ulezi juu ya jiwe au kuicheza ngoma ya kijiji chake usiku kucha. Makumbusho yetu yamejaa vitu ambavyo watu walio hai bado wanakumbuka kuvitumia kwa mikono yao. Maandishi ya ukutani yatakwambia kitu kinaitwaje na kimetoka wapi. Mzee atakwambia kilivyonukia, kilivyokuwa kizito kichwani, na nani nyumbani alikatazwa kukigusa.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kuangalia mzee wenu ametoka wapi

Wengi huanza na swali la mahali palipo karibu. Ni swali zuri kwa nauli, lakini mimi nashauri muanze na asili ya mzee mtakayekwenda naye.

Kama ni mtu wa Ankole, kuna Igongo, huko Biharwe kwenye barabara kuu ya kutoka Masaka, kabla hujaingia mji wa Mbarara. Utakuta makumbusho ya maisha ya wafugaji na wakulima wa kusini-magharibi, vyombo vya maziwa, na mezani eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao watu hufunga safari kuufuata. Karibu na hapo umejengwa mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua. Masimulizi yanasema mfalme wa Bunyoro alikuwa amevamia Nkore na kuteka ng'ombe, jua likazimika mchana, akaingiwa na hofu, akaziacha ng'ombe na kuondoka. Wanajimu wamelihesabu tukio hilo kuwa la mwaka 1520. Mtoto wa miaka kumi hahitaji kubembelezwa ili asikilize hadithi ya namna hiyo.

Kama ni mtu wa Teso, nenda Soroti, na siku hiyohiyo au kesho yake mpitie Nyero katika wilaya ya Kumi, mbele ya michoro ya miambani. Ni miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe, na maumbo yanayofanana na mitumbwi. Hawakuichora Wateso: wataalamu wengi huihusisha na wawindaji walioishi hapo kabla yao. Lakini wenyeji waliurithi ule mlima kama mahali patakatifu, pa kuombea mvua. Mzee wa Kiteso ana la kusema hapo. Viatu viwe vya kupandia mawe.

Karamoja ina makumbusho yake Moroto. Watu hudhani huko wataona shanga na mikuki tu, lakini ardhi ile imetoa mabaki ya nyani mkubwa wa kale aliyepewa jina la *Morotopithecus*, anayekadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 20, na mwaka 2011 fuvu la nyani mwingine wa kale lilipatikana jirani, Napak. Mtoto anayependa mifupa na miamba atafurahi zaidi Moroto kuliko Kampala. Kigezi wana makumbusho Kabale. Kaskazini, Kitgum, kuna kituo cha kumbukumbu na amani kilichoanzishwa ili kuhifadhi habari za miaka ya vita. Nitakirudia mbele, maana kinataka maandalizi ya pekee. Na ukiwa Gulu, ngome ya Patiko iko mwendo wa kilomita 30 hivi kuelekea kaskazini. Hapo ndipo wafanyabiashara wa watumwa walipokusanya watu, na Samuel Baker akaifanya kambi yake mwaka 1872.

Familia nyingi za mjini, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili, ni mchanganyiko. Baba Mnubi wa Bombo, mama Mganda, bibi kutoka Arua, binamu wa Busia. Kwa familia kama hiyo Makumbusho ya Uganda yenyewe, pale mlima wa Kitante kwenye Kira Road, Kampala, ndiyo yanayofaa, kwa kuwa kila upande utakuta kitu chake. Yalianza mwaka 1908, yakakaa katika ngome ya Lugard, Old Kampala, yakiwa yamejaa vitu vya ibada vilivyokusanywa au kunyang'anywa, na wenyeji wakayaita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi. Watu waliyaogopa. Baadaye yakahamia Makerere, na mwaka 1954 yakaingia jengo la sasa lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May. Nyuma ya jengo kuna kijiji cha nyumba za asili za makabila mbalimbali, na kwa watoto wadogo hicho kijiji ndicho makumbusho yenyewe. Wataingia, watainama mlangoni, watauliza moto uliwashwa wapi na mbuzi walilala wapi.

Usisahau makumbusho madogo ya jamii, yanayoendeshwa na familia, koo au vikundi vya vijijini. Chumba kinaweza kuwa kimoja, na mwenye nyumba ndiye mwongozaji. Kwa mazungumzo kati ya mzee na mzee hakuna mahali pazuri zaidi.

Hatua ya 2: Pata tarehe

Ukingoja tangazo likufikie mlangoni, mara nyingi utasikia habari siku imeshapita. Kwa hiyo kamata kwanza tarehe ambazo hazibadiliki, kisha ulizia kila mahali wamepanga nini kuzizunguka.

Siku ya Makumbusho Duniani ni tarehe 18 Mei. Imeadhimishwa tangu 1977, na ndiyo siku ambayo makumbusho mengi hujitahidi kuwa na maonyesho mapya, mihadhara au ngoma. Kwa shule zetu mwezi wa Mei huwa ni mpaka wa muhula wa kwanza na wa pili, basi angalia kama watoto wako nyumbani. Likizo ya pili huangukia Agosti na Septemba. Ile ndefu, ya Desemba hadi Januari, ndiyo ya kusafiri mikoani, lakini usiziguse siku za Krismasi, barabara zinajaa na nauli hupanda. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba, hufaa kwa mada za 1962 na baada yake.

Kisha kuna kalenda ya mikoa yenyewe, na hii ndiyo watu wa mjini huisahau. Buganda hukumbuka kutawazwa kwa Kabaka Mutebi tarehe 31 Julai. Bunyoro wana Empango yao, sherehe ya kukumbuka kutawazwa kwa mfalme, tarehe 11 Juni, Tooro yao tarehe 12 Septemba. Milima ya Masaba hufungua msimu wa imbalu, tohara ya vijana, mwezi Agosti kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Ukiipanga ziara ya makumbusho siku mbili tatu kabla ya sherehe kama hizi, watoto wataiona ngoma ikiwa ndani ya kioo, halafu wataiona begani mwa mtu, ikilia. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kuwaeleza kwamba vitu vile havijafa.

Hatua ya 3: Piga simu, au bora zaidi, pita mwenyewe

Kama mahali penyewe ni pa mji wenu, pita siku ya kazi asubuhi uonane na mtu wa mapokezi na, ukibahatika, mhifadhi. Mazungumzo ya dakika kumi yatakupa zaidi ya yote uliyoyasoma. Uliza siku ya wazi ijayo ni lini, na kama kuna kazi za mikono kwa watoto au ni hotuba na ngoma tu. Uliza umri unaofaa. Uliza kiingilio cha raia, cha mkazi na cha mgeni, maana viwango hutofautiana, na kama shule au kikundi hupunguziwa. Uliza kuhusu kamera, choo, kivuli cha kukalia, mahali pa kulia chakula, na kama mtu wa magongo au kiti cha magurudumu anafika kila chumba.

Na uliza lugha. Maandishi mengi kwenye kuta ni ya Kiingereza. Mwongozaji anaweza kuwa na lugha ya mkoa na Kiingereza pekee. Ukitaka maelezo kwa Kiswahili, sema mapema ili wamtafute anayekijua; baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na makumbusho yatakipa nafasi pale ambapo familia zinakiomba. Ombeni, bila kuona haya.

Mwisho, mweleze mhifadhi kwamba mtakuja na mzee anayejua jambo fulani. Wahifadhi wengi wana vitu ghalani ambavyo habari zake hazikuandikwa vizuri tangu vilipoingia, na mzee wenu anaweza kuwa ndiye mtu waliyekuwa wanamtafuta.

Hatua ya 4: Mwandae mzee

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayobeba siku nzima. Mzee akichukuliwa nyumbani asubuhi akiambiwa tu "twende tukatembee", atafika amechoka, atakaa kwenye benchi, na watoto watazunguka peke yao.

Mwendee siku kadhaa kabla, ukiwa na mtoto mmoja. Msalimie kwa desturi ya kwao, mtoto apige magoti kama ndivyo ilivyo, kaeni. Usianze na maswali ya historia. Mtu ukimwambia "tueleze utamaduni wetu" atakupa hotuba aliyoisikia redioni. Muulize mambo madogo: Asubuhi nani aliamka kwanza? Maji mliyachota na nini? Mlipokuwa watoto mlicheza mchezo gani jioni? Kitu gani mama yako alikificha wageni wasikione? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua mtaangalia nini makumbushoni. Akitaja kinu, nendeni kwenye vinu. Akitaja mweso, ule mchezo wa mbegu na mashimo, tafuteni ubao.

Uliza pia kama kuna jambo asilotaka kuliongea mbele ya watoto. Kwa mtu aliyeishi miaka ya 1970 Kampala, au Luwero mwanzoni mwa miaka ya 1980, au Acholi na Lango wakati wa vita vya kaskazini, picha moja ukutani inaweza kufungua kidonda. Kubalianeni ishara: akisema "tuendelee mbele", mnaendelea, na hakuna mtoto atakayeuliza kwa nini.

Kama nyumbani kuna kitu cha kale, kibuyu, kigoda, sahani ya harusi ya zamani, picha ya babu akiwa na sare, kitoeni nje mkitazame pamoja. Kisibebwe kwenda makumbushoni bila kuulizia. Mlinzi mlangoni hataweza kujua kama kimetoka kwenu au kimetoka ndani. Pigeni picha kwa simu, inatosha kulinganishia.

Hakikisha simu ina nafasi ya kurekodi sauti, na mwombe mzee ruhusa waziwazi. Mwambie sauti itakaa kwa nani na itasikilizwa na nani. Akikataa, msirekodi. Akikubali, mpe simu hiyo mtoto mkubwa na mfundishe asimkatize.

Hatua ya 5: Wape watoto jambo moja la kulifuata

Makumbusho hayaishi kwa siku moja na hayatakiwi kuisha. Chagueni mada moja kwa ajili ya siku hiyo, nyingine zingoje. Nitataja tatu ambazo zinafaa Uganda kuliko zote.

Ya kwanza ni sauti. Kati ya 1948 na 1957 mtunzaji wa makumbusho ya Kampala alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezunguka nchi akirekodi wapigaji, na mkusanyiko wa ala pale Kitante una deni kubwa kwake. Kabla ya kwenda, wafundishe watoto siri ya amadinda, ala ya mbao zinazogongwa kwa vijiti. Ni mbao 12, na wapigaji ni watatu. Wa kwanza hupiga mfululizo wake, wa pili huingiza wake katikati ya mapigo ya mwenzake, na wimbo unaousikia haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Wa tatu huokota sauti fulani na kuzirudia kwenye mbao mbili za juu. Jaribuni nyumbani kwa makofi: mmoja apige sawasawa, mwingine apige katikati ya kila pigo. Watacheka, watapoteana, kisha watakamata. Mtoto aliyefanya hivyo hatapita mbele ya amadinda bila kusimama. Ndivyo ilivyo pia kwa bigwala za Busoga, tarumbeta za vibuyu, angalau tano, kila moja na sauti yake moja tu, zilizopigwa katika sherehe za kifalme. UNESCO iliziweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wapigaji waliobaki walikuwa wachache na wazee. Chupa tano zenye maji ya vipimo tofauti na watoto watano wanaopuliza kwa zamu zinatosha kuwaonyesha kwa nini mtu mmoja akikosekana wimbo mzima unavunjika. Mzee wa Teso ataitafuta akogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mtu wa Alur adungu, kinubi cha nyuzi. Waacheni wazitafute.

Ya pili ni lubugo, nguo ya gome. Mti ni mutuba. Gome la ndani huvunwa wakati wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti huota gome jipya, basi mti mmoja unaweza kuvunwa miaka mingi. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo ya ukubwa tofauti, ndani ya banda lililo wazi ili lisikauke upesi, mpaka linapanuka, linalainika na kuchukua rangi ya udongo mwekundu. Ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi hiyo kwa urithi, na UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Programu ikiwa na fundi wa lubugo, iendeeni hata kama ni mbali: mlio wa nyundo, uzito wake mkononi, harufu ya gome bichi, hakuna picha inayobeba vitu hivyo. Na mzee wa Kiganda ataeleza lubugo huvaliwa lini na maiti hufungwa vipi, kwa maneno ambayo mwongozaji kijana hana.

Ya tatu, kwa wadogo, ni mweso. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo nane, na mbegu 64. Chimbeni mashimo uani, okoteni vijiwe, mzee afundishe. Siku mkifika makumbushoni watautambua ubao kabla hujausema.

Vijana wa sekondari wanataka kitu kigumu zaidi. Wape swali la umiliki. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 Kampala vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, kwa makubaliano ya mkopo. Kwa nini mkopo? Je, kitu kikirudi kikae makumbushoni, au kirudi kwa ukoo uliokuwa nacho? Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, nayo yalirudi kutoka Cambridge karibu na uhuru. Mwache kijana abishane na babu yake. Msisuluhishe.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fikeni mapema, kabla ya jua kali na kabla ya mabasi ya shule. Pale Kitante teksi za barabara ya Kira hukushusha karibu. Mzee mpandishe gari, asipandishwe boda. Chukueni maji, chapati, mayai, gonja, kitu kisichomwagika. Kwa watoto chini ya miaka saba, saa moja na nusu ndani inatosha kabisa, kisha nje. Mzee akae kila baada ya chumba. Pesa ndogondogo ziwe mfukoni, kwa mwongozaji na kwa mafundi.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Usianze mwanzo. Nendeni moja kwa moja kwenye kile mlichokijia, kabla nguvu hazijaisha, kisha mrudi polepole kwenye vingine. Mzee asimame mbele ya kitu, watoto karibu naye, wewe nyuma. Kazi yako ni kunyamaza. Mwongozaji akiwepo, mwombe kwa heshima ampe mzee nafasi kwanza kisha aongeze yake. Walio wengi hufurahi. Wakitofautiana, na watatofautiana, waandike watoto maelezo yote mawili.

Vitu vya ibada vina adabu zake. Msiviigize, msipige navyo picha za kuchekesha, na mzee akitaka kupita mbali na kitu fulani, pitieni mbali. Kama mmeunganisha safari na makaburi ya Kasubi, fahamuni kwamba pale ni mahali pa wafalme wanne wa Buganda, tangu Muteesa wa Kwanza aliyezikwa hapo 1884. Paliteketea Machi 2010, pakajengwa upya kwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikapaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wanawake na wasichana huvaa nguo ndefu, viatu huvuliwa, na panasimamiwa na watu wenye wajibu wa kurithi. Sikilizeni wanachosema.

Historia ngumu haifichwi, lakini hupimwa. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin zilizopatikana katika hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa, na watu walikuja kutafuta nyuso za ndugu zao. Maonyesho ya aina hiyo, pamoja na kile kituo cha Kitgum, nawashauri wazazi wawapeleke watoto wanaokaribia miaka kumi na minne na kuendelea, baada ya mzazi kupita peke yake kwanza. Mwambieni mtoto kabla ya kuingia kwamba ataona habari za watu walioumizwa, na kwamba anaruhusiwa kutoka. Baadaye kaeni naye nje, mahali penye kivuli, mpaka amemaliza kuuliza. Msiondoke akiwa kimya.

Hatua ya 8: Kwenye programu za mikono

Siku ya wazi ikiwa na mafundi, wasikose kugusa. Kusuka mkeka, kufinyanga, kupiga ngoma, kusaga juu ya jiwe: mtoto afanye hata kama anaharibu. Mpe nafasi mzee akae upande wa fundi, si upande wa watazamaji. Bibi aliyesuka mikeka maisha yake yote atarekebisha kidole cha mjukuu bila kuombwa, na fundi atamheshimu.

Kama ni hadithi, uliza itasimuliwa kwa lugha gani. Ikiwa kwa lugha ambayo baadhi ya watoto hawaijui, kaeni pamoja na mmoja anong'one tafsiri, msiwaondoe. Kiitikio hushikwa na mtoto yeyote, na kwenye kiitikio ndipo anapoingia ndani ya hadithi.

Nunueni kwa fundi mwenyewe, na msimpunje bei. Sahani ya majani iliyochukua siku mbili kusukwa haiwezi kuuzwa kwa bei ya sahani ya plastiki, na ndiyo njia ya kumfanya arudi mwaka ujao.

Hatua ya 9: Wiki inayofuata

Usiache ziara iishie garini. Ndani ya siku saba, wakati sauti bado ziko masikioni, kaeni tena na mzee. Chagueni kitu kimoja cha nyumbani na mkiandikie kadi kama ya makumbusho: jina lake katika lugha ya mzee na kwa Kiswahili, kimetengenezwa na nini, na nani, wapi, lini kwa makadirio, kilitumiwa na nani, na kimefikaje kwenu. Andikeni pia jina la mtoto aliyeandika na tarehe. Kadi ikae pamoja na kitu, isipotee.

Rekodi za sauti zihamisheni kutoka kwenye simu siku hiyohiyo, ziwekeni mahali pawili tofauti, na kila faili lipewe jina la mzee, mahali na mwaka. Simu huibwa, huvunjika.

Kama mzee alisema jambo ambalo makumbusho hayana, mrudieni mhifadhi na kumwambia, mkiwa na idhini ya mzee. Familia ikiamua kutoa kitu au kukikopesha, ombeni karatasi iliyosainiwa inayotaja kitu chenyewe, hali yake, kama kimetolewa au kimekopeshwa, na nani wa ukoo anaruhusiwa kukifuatilia. Jadilini nyumbani kwanza, ndugu wote, kabla ya kusaini.

Mwachieni pia namba yenu ya simu ili awajulishe programu ijayo, na mwambieni mada ambayo watoto wameitaka. Watu wa makumbusho hupanga kwa kufuata wanaokuja, na familia tano zikiomba siku ya akogo Soroti au siku ya mweso Kabale, atakuwa na hoja ya kumpelekea mkubwa wake.